Karafsi Nyeupe ya Jokha binti Saburi

Katika mji wa Zumaradi, wenye chemchemi elfu na bustani zisizo na idadi, alitawala Sultani Ghasani bin Mundhiri, mtu mwadilifu aliyefiwa na mkewe na asioe tena, na raia zake walikuwa wakinywa na kushiba na kumshukuru Mola wao. Basi Ijumaa moja, watu wanatoka msikitini, mbingu ikapasuka kwa mshindo, na mbele ya jumba akasimama jini, kimo chake kimeipita minara na macho yake kama matanuri mawili, akanena:

"Ewe Sultani! Mimi ni Zaubari. Nimekula vya mashariki na vya magharibi, na leo kila kitu kinywani mwangu ni majivu. Nipe chakula nisichopata kukila. Ikifika adhuhuri ya siku ya tatu nawe hukunipa, maji yako hayarudi tena."

Akapiga ardhi kwa unyayo, na chemchemi zote zikakauka papo hapo.

Wapishi wakamletea pilau ya zafarani, na tausi waliojazwa lozi, na halua ya waridi, na jini akionja tu husema, "Nimekila," akatema. Siku ya tatu watoto walikuwa wakilamba mawe ya visima, na Sultani akavua kilemba akalia mbele ya watu.

Na palikuwa na mjane, Jokha binti Saburi, mtunza bustani ya jikoni, na bustanini mwake ilimea karafsi, ambayo watu wa leo huiita selari, mmea wa penye majimaji, wenye vikonyo virefu vya mifuo na majani mfano wa kotmiri. Zama hizo karafsi ilikuwa chungu kama shubiri, hailiwi ila na mgonjwa aliyelazimishwa na tabibu. Lakini mwezi uliopita ukuta wa udongo ulianguka ukaifukia hadi shingoni, na asubuhi ile Jokha, akichimba kutafuta walau unyevu, alitoa vikonyo vyeupe kama pembe ya ndovu. Akauma kimoja. Akaketi chini kwa mshangao, kisha akainuka akakimbilia jumbani.

Waziri akamzuia mlangoni. "Mama, aliyekataa tausi ataridhika na majani?"

"Mwache apite," akasema Sultani. "Sisi tumebakiwa na nini?"

Jini akauma, na mlio wa kile kikonyo ukasikika baraza zima, na maji matamu yakamtiririka kidevuni, na watu wakashika pumzi.

"Wallahi, hiki sijapata kukila!" akanguruma Zaubari. "Kinaitwaje?"

Waziri akamnong'oneza Jokha, "Zua jina! Sema lolote!" Lakini ulimi wa Jokha haukujua kusema uongo.

"Bwana wangu, hii ni karafsi."

Uso wa jini ukawa mweusi. "Karafsi niliila kabla babu wa babu yako hajazaliwa, ikaniunguza ulimi! Basi mmeshindwa."

"Jina lake unalijua, bwana. Lakini utamu huu uliomo kinywani mwako, je, uliuonja siku ile?"

Jini akatafuna tena, polepole. "Umeifanyaje?"

"Mimi sikuifanya kitu. Iliangukiwa na ukuta, ikakaa gizani mwezi mzima, na uchungu ukaiacha."

Hapo Zaubari akapiga magoti, na ardhi ikatikisika. "Nami nilifungwa gizani miaka elfu, ndani ya chupa ya shaba," akasema, "nikatoka mchungu zaidi." Akalia, na kila palipodondoka chozi lake pakabubujika chemchemi, maji baridi, safi, yakakimbia njiani na sokoni, na watu wakayaangukia kifudifudi wakinywa na kumsabihi Mungu. Walipoinua vichwa, jini hayupo.

Sultani akasema, "Ewe Jokha, ulikuwa na mji mzima kwenye ncha ya ulimi, na hukudanganya. Je, utaniridhia niwe mume wako?"

"Labeka, Maulana, nitaridhia, ila jembe langu siliachi."

Akamwoa kwa mahari ya lulu na mashamba saba, na Jokha akawafundisha watu kuifukia karafsi, na tangu hapo haikukosekana katika supu ya tajiri wala ya maskini. Nawe uliyesikia, shika hili: kweli hata ikiwa kaa la moto mdomoni, usiiteme.