Kwa Nini Mninga Hutoa Damu na Kidonda Huacha Kovu

Kaeni. Na yule aliyechuna gome la mninga wa pale kisimani jana, akauacha mti wazi kama mbuzi aliyechunwa ngozi, akae mbele nimwone. Jina lake sitalitaja. Anajijua, nami leo nina hasira, kwa hiyo msinikatize.

Zamani hizo, kabla miti haijatuchoka, utomvu wa mninga ulikuwa mweupe kama maji ya chemchemi. Mti ulikatwa, utomvu ukatiririka, ukakauka, na mkataji hakuona alichokifanya. Lakini nguvu yake ilipita hii tunayoijua sisi. Jeraha lilipopakwa asubuhi, jioni lilikuwa limefunga, na ngozi imerudi laini kama ya mtoto mchanga. Makovu hayakuwapo. Mzee wa miaka themanini, aliyejeruhiwa na miiba, majembe na fisi, alikwenda kaburini na ngozi isiyo na alama hata moja.

Katika kijiji cha Isenga, ndani kabisa ya pori la miyombo, aliishi mganga wa vidonda aliyeitwa Kalunde. Kazi hiyo alirithishwa na bibi yake, pamoja na masharti mawili. Gome lichukuliwe upande wa mawio tu, kipande kisichozidi kiganja. Na kabla hujamfunga mgonjwa kidonda chake, uufunge kwanza mti: ukande udongo wa kichuguu, uupake pale ulipokata, ndipo uondoke. Watu walimnung'unikia sana. Mgonjwa anavuja damu, na mganga anahangaika na matope! Kalunde aliwaacha waseme.

Hakuliruka sharti hata siku alipoletewa shemeji yake, Ngasa, mdogo wa mumewe, mkuu wa warina asali. Ngasa alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti na kisiki kimempasua paja, mfupa unaonekana. Kalunde aliufunga mti, kisha akalifunga paja. Jioni ile ile Ngasa alikuwa uwanjani anacheza ngoma.

Huyo huyo Ngasa, miaka michache baadaye, aligundua kwamba mzinga wa gome la mninga haupasuki jua likiwaka. Basi akaanza kuchuna. Na hakuchuna kiganja. Alizungusha shoka mti mzima, juu na chini, akalivua gome lote kwa pamoja kama mtu anayemvua mwenzake nguo. Mti uliochunwa hivyo haufiki masika ya pili. Hilo kila mtu wa pori alilijua, na Ngasa akiwamo.

"Shemeji, unaiua miti," Kalunde alimwambia.

"Umewahi kuusikia mti ukilia?" Ngasa akamjibu, na warina asali wenzake wakaangua kicheko. "Tulia, shemeji. Pori halijaisha."

Pori likaisha. Mininga ilikauka mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki mmoja tu nyuma ya shamba la Kalunde. Aliufunga kitambaa cheusi shinani ili kila mpita njia ajue kwamba huo una mwenyewe.

Kalunde alikuwa na binti mmoja, Nyanzala, wa miaka saba. Asubuhi moja mtoto alikuwa akipita uani kwa baba yake mdogo, pale wanapochemsha nta. Chungu kilikuwa kimeinjikwa juu ya mafiga mabovu. Kilipinduka, na nta ya moto ikamwagikia mguu wake kuanzia gotini hadi kwenye vidole. Kalunde alipoibandua ile nta, ngozi ilikuja nayo.

Alimpaka asali, maumivu yakapungua, lakini mguu ulibaki wazi, unavuja maji. Akachukua kisu, akakimbia nyuma ya shamba. Kitambaa cheusi alikikuta chini, kimekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe kisipeperuke. Mti ulikuwa uchi.

Kalunde hakulia. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Ngasa, akaukuta mzinga mpya ungali mbichi, akaunyanyua.

"Shemeji, mzinga huo ni wangu!"

"Nionyeshe paja lako."

"Paja gani tena?"

"La kulia. Kisiki kilikuingilia wapi?"

Ngasa alijitazama, akapapasa juu, akapapasa chini. Hakupaona. "Ni siku nyingi, shemeji. Sikumbuki vizuri."

"Hukumbuki!" Kalunde alipiga kelele hadi watu wakatoka majumbani. "Mfupa wako niliushika kwa mikono hii! Mti ukakurudishia ngozi yako nzima, na wewe leo hujui hata ulipokugusa. Shukrani ya punda kweli ni mateke. Mtoto wangu anaoza mguu kwa nta yako, na dawa yake umeigeuza nyumba ya nyuki!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Kalunde alikwenda na gome lake, akang'oa vijiti vilivyolishona, akalivisha mti upya. Vijiti vile vilimchana viganja, na damu yake ikaingia katikati ya gome na mti. Akafunga kamba, akakandika udongo wa kichuguu kuanzia chini hadi juu. Kisha akarudi kumpepea mwanawe nzi, na kila asubuhi akaenda kulowesha udongo ule, huku akiwatukana warina asali wote kwa majina yao na ya baba zao.

Siku ya kumi gome lilishika. Pale lilipoungana paliota mshono mnene, wenye mabonde na vilima, na katika mshono huo ukatoka utomvu. Ulikuwa mwekundu kama damu ya mtu. Kalunde aliogopa, lakini alikuwa hana dawa nyingine, akampaka Nyanzala.

Mguu haukufunga jioni ile. Ulichukua mwezi mzima, na ulipofunga, ngozi haikurudi laini. Ilikuwa na mabonde na vilima, sawasawa na ule mshono wa mti. Mti uliopona kwa kovu haukuweza tena kumponya mtu bila kovu.

Ngasa alipokuja kumjulia hali mtoto, aliuona mguu, akageuza uso.

"Baba mdogo," Nyanzala akamwambia, "ni pale nta yako iliponimwagikia."

Kila alipokutana na mtoto huyo, kisimani, shambani, hata siku binti huyo alipoolewa, Ngasa aliuona mguu ule. Hakuchuna tena mti. Kalunde hakumsamehe, na mimi pia nisingemsamehe.

Na tangu siku hiyo mninga ukikatwa hutoa damu, ili mkataji asiseme hakujua. Kidonda nacho hupona polepole na kuacha kovu, ili aliyeponywa asiseme hakumbuki. Ndiyo maana sisi huufunga mti kabla ya mgonjwa.

Haya. Udongo wa kichuguu uko kwenye kikapu pale mlangoni. Wewe unayeficha mikono, ambayo bado ni myekundu, inuka. Mti unakusubiri.