Bibi Aliyekalia Viatu vya Wawindaji

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Mimi siwasimulii magogo. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji mwisho kabisa wa dunia, upande wa kaskazini. Jina lake sikuambiwa, nami silitungi. Kijiji hicho kilikuwa kando ya bahari, na bahari yenyewe, ukifika msimu wa baridi, huganda. Huganda ikawa ngumu, watu wakatembea juu yake kwata, kwata, kwata. Mwanaidi, unacheka nini? Si barafu hizi za ukwaju mnazonyonya mkitoka chuoni. Barafu ya kule unaweza kufanyia harusi juu yake, na ngoma na wachezaji wote, isitikisike.

Watu wa kule hawalimi. Walime nini, mawe? Chakula chao ni sili, mnyama wa baharini, mnene, ana masharubu ya paka. Na hawakuwa peke yao. Palikuwa na dubu. Dubu wa kule ni mweupe pee, na wayo wake mmoja ni sawa na sinia la pilau. Chakula chake ni huyo huyo sili. Ndani ya maji sili humshinda mbio. Lakini juu ya barafu, dubu hukaa kimya penye tundu, na sili akitoa pua apumue, pa! Kwa hiyo pasipo barafu, dubu hana jiko.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, Arnaluk. Semeni Arnaluk.

— Arnaluk!

Mmelivunja mbavu jina la watu, lakini litapona. Bibi Arnaluk alikuwa mwembamba, mkali, na meno yake yalikuwa yameisha hadi kwenye ufizi. Kwa nini? Kwa sababu kazi yake ilikuwa kutafuna ngozi mpaka ilainike, kisha kuishona viatu. Viatu vya kijiji kizima vilipita mdomoni mwake. Watoto wake wote walichukuliwa na bahari, mmoja mmoja. Akabakiwa na mjukuu mmoja tu, Kunuk, kijana mwenye mabavu, kiongozi wa wawindaji. Ndiye pumzi yake, ndiye kila kitu.

Sasa sikilizeni ada ya kijiji. Mwezi wa Kuvuka ukiandama, wanahesabu siku. Moja, mbili, tatu. Siku ya saba wanavuka barafu kwenda kuwinda sili. Siku ya saba! Si ya sita, si ya nane. Babu zao walivuka siku ya saba, na mababu wa babu zao vivyo hivyo. Na kabla ya kuvuka, kila mtu hupeleka viatu vyake kwa Bibi Arnaluk avitie nyuzi mpya, maana kule kiatu kikivuja, mguu unabaki huko huko.

Basi mwaka mmoja mwezi ukaandama, baridi haikuja. Upepo ulikuwa wa vuguvugu. Barafu ilikuwa imeganda kidogo tu, utando juu ya maji. Na siku ya kwanza ya mwezi, dubu jike akaonekana ufukweni pamoja na mtoto wake. Amekonda! Mbavu zake ungezihesabu. Kila asubuhi alishuka mpaka ukingoni, akaweka mguu juu ya barafu. Kacha! Akaurudisha. Akaweka mwingine. Kacha! Akarudi kulala kwenye mawe, na mtoto akimlilia.

Kunuk akamwona. Akaja kwa bibi yake mbio.

"Bibi, umemwona dubu? Yuko pale, hana hata nguvu ya kukimbia. Tukimuua tunakula mwezi mzima. Halafu siku ya saba tunavuka. Nipe viatu vyangu."

Bibi Arnaluk alikuwa na kiatu cha Kunuk mkononi. Akakigeuza soli juu. Akakilamba.

Eee, akakilamba! Msikunje nyuso, kila fundi ana namna yake ya kujua. Akatema mate, tuh! Akachukua kiatu cha pili, cha mtu mwingine aliyetoka ukingoni asubuhi ile. Akalamba. Tuh! Cha tatu. Tuh!

"Chumvi," akasema. "Viatu vyote vina chumvi. Barafu iliyokomaa haitoi jasho, mjukuu wangu. Hiyo mnayokanyaga bado ni maji yaliyovaa shuka."

"Bibi, siku ya saba ni siku ya saba."

"Mwezi unahesabu siku, hauhesabu barafu. Yule dubu ni mzito kuliko wanaume wanne. Siku barafu itakapombeba yeye, itakubeba na wewe. Ukimuua utakula mwezi mmoja. Mwezi wa pili utamuuliza nani njia?"

Kunuk akacheka. "Nimuulize njia mnyama?"

"Wewe si umeniuliza mimi? Na mimi sina hata jino."

Kunuk akaenda zake akinung'unika. Nyuma yake, Bibi Arnaluk akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Akavikusanya viatu vyote vya kijiji, vya wanaume na vya wanawake. Akavitia ndani ya gunia kubwa la ngozi. Akalifunga fundo, fundo, fundo. Akalikalia mlangoni pake, macho baharini.

Akawa anaimba. Imbeni na mimi, msiniachie peke yangu:

*Viatu, viatu, mmelowa wapi?*
*— Baharini, bibi, baharini.*
*Barafu, barafu, utakomaa lini?*
*— Bado, bibi, bado.*

Siku ya saba watu wakaja kudai viatu. Ohoo! Kelele zilizokuwapo! "Kizee kimerukwa na akili!" "Anataka tufe njaa!" "Toka juu ya gunia!"

Bibi Arnaluk akawaambia, "Nitoeni."

Nani angemtoa? Kumvuta mzee ni kujitafutia laana, na kule ni hivyo hivyo. Wakamzunguka, wakamtazama, naye akawatazama. Kuvuka barafu pekupeku hakuna awezaye. Wakarudi majumbani mwao wamevimba.

Lakini bibi hakuwa amekaa bure. Akamwita Pania, mke wa Kunuk.

"Mke mwenzangu," akamwambia, maana ndivyo alivyozoea kumtania, "kuna mifupa ya nyangumi nyuma ya nyumba, ina nyama kidogo na inanuka. Waambie watu waifunge kamba, waikokote mpaka rasi ya mbali. Dubu akipata cha kuguguna kule, hatakuja kutafuta cha kuguguna huku. Na huyo mtoto wake naye ana tumbo."

"Na watoto wangu, Bibi? Wao hawana tumbo?" Pania alikuwa analia. "Pacha wangu wanakula nusu nusu tangu juzi."

Bibi Arnaluk akampa fungu lake mwenyewe la nyama, lote. "Chukua. Mimi ninatafuna ngozi, nimezoea." Jioni ile watu, wakinung'unika, wakaikokota mifupa mpaka rasi.

Siku ya nane. Dubu akashuka ukingoni. Kacha! Akarudi. Siku ya tisa. Akatandaza miguu, akajikokota kwa tumbo juu ya barafu hatua ishirini. Kacha! Akarudi. Bibi juu ya gunia: *Barafu, barafu, utakomaa lini?*

— Bado, bibi, bado!

Siku ya kumi Kunuk akashindwa kuvumilia. Kijana ana mkuki, ana nguvu, watoto wake wanalia, naye amekaa ndani miguu mitupu kwa sababu ya nyanya yake! Simlaumu sana. Darini kwao vilikuwapo viatu vya marehemu baba yake, vikavu, vya zamani. Akavivaa. Akachukua mkuki. Mchana kweupe, watu wote wakimwona, akashuka baharini.

Akapita penye nyayo za dubu. Nyayo zilikwenda hatua ishirini, zikageuka. Kunuk akazitazama. Akasema kwa sauti, "Mimi si dubu." Akazivuka.

Hatua moja. Kwata.

Hatua ya pili. Kwata.

Hatua ya tatu. Kacha... kacha... kachakachakacha, CHUBWI!

Wuuuwi! Pania akapiga ukunga. Watu wakakimbilia ukingoni, wote pekupeku, wakasimama pale wakirukaruka kwa baridi. Aliyethubutu kukanyaga, barafu ikamlilia chini ya mguu, akarudi. Kichwa cha Kunuk kilionekana, kikazama, kikaonekana tena.

Hapo ndipo Bibi Arnaluk aliponyanyuka juu ya gunia.

Alikuja na kamba. Akampa Pania ncha moja, nyingine akajifunga kiunoni. Kisha akalala kifudifudi, akatandaza mikono, akatandaza miguu, akaanza kutambaa juu ya barafu kwa tumbo. Siku kumi alikuwa amekaa akimtazama dubu. Alikuwa amemwona anavyofanya barafu ikiwa nyepesi: hasimami, hutandaza miguu, hujikokota kwa tumbo. Taratibu. Srrr. Srrr. Srrr. Barafu ikalia, haikupasuka. Yule kizee alikuwa mwepesi kama pamba.

Akafika penye shimo. Akamshika Kunuk ukosi wa joho kwa mikono yote miwili. "Vuteni!" akapiga kelele. Pania akavuta. Kijiji kizima kikavuta. Wakaja wote wawili, bibi na mjukuu, kama samaki wawili kwenye mshipi mmoja.

Wakamfunika Kunuk ngozi, wakamkanda, wakamnywesha mafuta ya moto. Alipona. Lakini vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekwisha kufa, vikakatwa. Alipofumbua macho alimkuta bibi yake kichwani pake.

"Nisamehe, Bibi."

"Mume wangu," akasema Bibi Arnaluk, "ukifa wewe nitaolewa na nani tena, na ufizi huu?"

Akataka kucheka, hakuweza. Akalia. Alilia mbele ya watu wote, kilio cha wale watoto ambao bahari haikuwarudisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemdai viatu.

Wakangoja. Siku ya kumi na mbili, bado. Siku ya kumi na nne upepo ukageuka. Vuuuu! Baridi ikaja, ile baridi yao ya siku zote, inayoziba pua. Siku ya kumi na saba asubuhi, dubu akashuka ukingoni na mtoto wake nyuma. Watu wakatoka nje kumtazama.

Dubu akaweka mguu. Kimya. Akaweka wa pili. Kimya. Akapita penye hatua ishirini. Akapita penye shimo la Kunuk lililoganda tena. Kwata, kwata, kwata, wakaenda, mama na mtoto, mpaka wakawa madoa mawili.

Vigelegele! Jamani, vigelegele vilivyopigwa siku ile! Bibi Arnaluk akafungua mafundo ya gunia, akagawa viatu jozi moja moja, na kila aliyepokea aliinamisha kichwa. Kunuk hakuweza kutembea, hivyo Pania akachukua mkuki wa mumewe, akatangulia mbele ya wawindaji. Walifuata nyayo. Hawakuzipita wala hawakuzikaribia mno, maana dubu ni dubu, si shangazi yako.

Walirudi na sili tisa. Ada yao, ini la kwanza ni la mzee wa kijiji. Pania akalileta. Bibi Arnaluk kabla hajalionja akauliza, "Kule mmeacha nini?"

"Tumeacha mafuta ya sili mmoja mzima, Bibi. Tulipogeuka nyuma, yule mtoto wake alikuwa amekwisha kuyapanda juu."

Ndipo bibi akala.

Watu walipokaa barazani, Kunuk akasimama kwa fimbo. "Mimi ndimi niliyehesabu siku saba," akasema. "Nimehesabu vibaya, na vidole vyangu ni mashahidi. Kuanzia leo hatuvuki kwa mwezi, tunavuka nyuma ya dubu. Na anayengoja barafu ufukweni asiuawe, kwa sababu anangoja kile kile tunachongoja sisi." Wazee wakasema, ndivyo. Habari ikapelekwa vijiji vya jirani, navyo vikakubali, kimoja baada ya kingine. Dubu wakabaki, na watu wakabaki.

Sitawadanganya kwamba Bibi Arnaluk aliirudisha baridi. Hakuwa mchawi. Miaka mingine walingoja siku ishirini, mingine thelathini. Alikuwa akiwaambia, "Kuna anayeila baridi yetu. Simjui, yuko mbali, pengine naye hatujui sisi. Lakini kila mwenye moto na ajiulize anachoma nini." Alifariki mzee sana. Na mpaka leo, kule kwao, mtu mwenye pupa huambiwa, "Umemuuliza Arnaluk?"

Sasa, wenye moto ni nani? Mnanitazama nini? Ni sisi tulio huku mbali, tunaokata mikoko tukaichoma mkaa, na wakubwa kuliko sisi wenye moshi mkubwa kuliko wetu. Na ile siku ya saba tunayo hata hapa. Mwanaidi, baba yako mwaka huu kapanda mahindi lini? Mwezi ule ule wa kila mwaka. Mvua ikaja lini? Baada ya mwezi na nusu, mbegu zimeliwa na mchwa. Vyura wa bondeni walikuwa kimya siku zote hizo, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Mwaka ujao nendeni bondeni kwanza, mkawasikilize. Na jembe la kupandia mahindi lipande na mikoko, bado kuna tope la kutosha.

Funzo lake ni hili: mnyama unayeishi naye akianza kuhangaika, usimkimbilie na mkuki. Muulize ameona nini, maana kinachomfukuza yeye leo kiko njiani kuja kwako.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye nyingine na aibebe.