Amri ya Leo kwa Leo

Hapo zamani, katika mji wa Ndaruma, jambo la mwisho la kawaida kutokea kabla mji haujageuka kichwa chini miguu juu lilikuwa hili: mwalimu mmoja fukara, jina lake Mshangama, alikuwa akivika masuke ya mtama vifuko vya kitambaa, kimoja kimoja, na kuvifunga kwa uzi. Vifuko hivyo alivishona marehemu mkewe, Bi Mwanaesha, katika mwaka wake wa mwisho, kwa mishono midogo iliyokaribiana sana, na Mshangama hakumruhusu mtu mwingine kuvifunga.

Bustani ile ilikuwa mali ya Sultani Hamdani. Miaka minne nyuma ukungu mwekundu ulikula mtama wa nchi nzima, watu wakachimba mizizi porini, na Sultani akatoa shamba, akamweka Mshangama na wanafunzi kumi na wawili, akaamuru walishwe kutoka ghala lake mpaka wapate mbegu isiyougua. Misimu mitatu wakapanda, na misimu mitatu ukungu ukala. Msimu wa nne ikasimama mistari miwili, majani mabichi, bila doa. Zilibaki siku ishirini na moja mbegu zikomae, na mbegu ile haikuwako mahali pengine popote.

Basi asubuhi ile akapita Waziri Sharabu, akitafuta mahali pa kufunga farasi wa wageni, kwa kuwa binti wa Sultani alikuwa akiolewa Ijumaa.

"Mshangama," akasema, "hizo ni nini juu ya mtama?"

"Ni vifuko, Waziri. Upepo huleta vumbi la maua kutoka huku na huku. Tusipofunika, hatutajua mtoto ni wa nani."

"Kwa hiyo mnauchunga mtama usizini?"

"Ndivyo. Nao hautusumbui sana. Kuna watu wanaosumbua zaidi."

Wanafunzi wakainamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Waziri hakucheka. Akaenda moja kwa moja barazani, na kabla ya saa tatu Mshangama alikuwa amesimama mbele ya Sultani, udongo ungali magotini.

"Nasikia unaushonea mtama kofia," akasema Sultani Hamdani.

"Ni kweli, maulana."

"Na watu kumi na watatu wanakula wali wangu kwa kazi hiyo. Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa nne, maulana."

"Basi mimi nina harusi, na wageni mia tano wanakuja. Nipe mtama huo leo, nipike uji, nione utamu wa miaka minne."

"Leo haupo, maulana. Nipe siku ishirini na moja."

"Nimesema leo. Jua likizama bila mtama, bustani inafungwa, na farasi wataingia."

Mshangama akatazama miguu yake. Alijua farasi mmoja mwenye njaa angemaliza mistari ile miwili kwa muda wa kunywa kahawa. Lakini uso wake ulikaa vilevile, kama uso wa mtu anayeulizwa njia.

"Nakubali, maulana. Ila naomba nielewe sheria, nisije nikaivunja. Kosa la bustani ni kofia?"

"Kosa lake ni kwamba inakula leo na haitoi leo. Katika milki yangu, kila kinachokula leo na hakitoi leo, kikomeshwe leo hii."

Waziri akainama sikioni mwa Sultani. "Maulana, mpe kazi hiyo yeye mwenyewe, asiende kulia kwa watu kwamba ameonewa."

Wazo likampendeza Sultani, akacheka, akaamuru neno lake liandikwe kama lilivyo na kupigwa muhuri: kila kinachokula leo na hakitoi leo kikomeshwe leo hii, na mwenye barua hii asizuiwe na mtu.

Mshangama akaipokea barua kwa mikono miwili. "Nianzie wapi, maulana?"

"Anzia unapotaka. Kabla jua halijazama uwe umemaliza."

Basi akatoka barazani, na mlango wa kwanza aliokutana nao ulikuwa wa jiko.

Humo Bi Kidawa, mpishi mkuu, alikuwa akikoroga halua ya harusi tangu alfajiri, jasho likimtiririka, na wasaidizi wanne wakisubiri zamu zao za mwiko.

"Imeiva, dada?"

"Iive saa hii? Hii bado maji ya wanga. Sogea, nisije nikakupaka."

"Inakula kuni?"

"Inakula kuni, sukari, samli na mabega yangu."

"Na haijatoa kitu." Mshangama akafungua barua, akaisoma kwa sauti mpaka muhuri, kisha akaanza kuvuta kuni jikoni. Bi Kidawa akainua mwiko ampige, akauona muhuri, akaushusha. Sufuria kumi za pilau nazo zikaondolewa motoni, mchele ukiwa mgumu kama changarawe. Unga wa mkate uliokuwa ukiumuka ukafunuliwa, ukanywea kwa huzuni. Kuku watano waliokuwa wakiatamia mayai pembeni wakainuliwa mmoja mmoja, wakasomewa barua, wakatolewa nje wakilalamika.

Ikawa kutoka hapo akaingia kwa fundi mshonaji, akamkuta na joho la Sultani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado.

"Litavaliwa leo?"

"Keshokutwa, Mwalimu."

"Weka sindano, ndugu yangu. Nenda ukapumzike."

Fundi hakuwa amepumzika kwa miezi miwili. Akaweka sindano upesi, asije akabadilishiwa amri, akaenda kulala.

Akapita darasani, ambako binti mdogo wa Sultani alikuwa amefika herufi ya tano. Akamuuliza kama anaweza kumwandikia babaye barua. Binti akasema bado. Akafukuzwa yeye na mwalimu wake, naye akatoka akirukaruka kwa furaha.

Mwisho akabisha hodi kwa wanawake. Bi harusi alikuwa amelala chali, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, na kungwi wake, Bi Shekha, akimpepea.

"Hina imeshika, mama?"

"Imepakwa sasa hivi, itashikaje? Wewe umelogwa?"

"Basi ioshwe," akasema Mshangama, na akasoma barua.

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka sokoni.

Ilipofika saa ya chakula, Sultani akaletewa sinia ya mchele mbichi uliolowa maji. Alipokuwa angali akiutazama, wakaingia barazani kwa pamoja mpishi na mwiko wake, bi harusi na mikono yake isiyo na hina, kungwi, na jogoo aliyekuwa akiwatafuta wake zake. Nyuma yao akaja Mshangama, amechoka, barua mkononi.

"Mwendawazimu," Sultani akasema, "nilikwambia ukafunge bustani."

"Niko njiani, maulana. Bustani iko mwisho wa mji, na nyumba hii ilikuwa karibu."

"Halua ile ingeiva."

"Lini, maulana?"

"Ikifika wakati wake. Ni lini umeona halua ikaiva kabla ya wakati wake?"

"Hina je?"

Bi Shekha akamjibu kabla ya Sultani. "Hina hukaa mpaka ikolee. Ukiiosha mapema umetupa hina na umemtia aibu bibi harusi. Hata mtoto anajua."

"Na kuku?"

"Siku ishirini na moja," akasema Sultani, naye akayasikia maneno yake mwenyewe.

 Jogoo peke yake aliendelea kuzungumza.

"Kimebaki kitu kimoja tu katika milki yako kinachokula leo na hakitoi leo," Mshangama akasema taratibu. "Sasa naweza kwenda kukifunga. Ila naomba maulana aseme tena kwa kinywa chake, kwa maana mimi sitaweza kuwaeleza wanafunzi wangu."

Sultani akamtazama mwalimu, akatazama sinia, akachota punje chache, akazitafuna. Zilipiga meno kama kokoto. Hapo kicheko kikampata, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na jogoo akapanda juu ya kilemba.

Akaichukua barua, akaichana. Akaamuru iandikwe nyingine: bustani ya mbegu na wanafunzi wake walishwe kutoka ghala kuu mwaka wa njaa na mwaka wa shibe, na mtu asiwaulize mavuno kabla ya msimu. Waziri Sharabu akakabidhiwa mwiko wa halua akoroge tangu mwanzo, bila zamu, huku Bi Kidawa amekaa kigodani akimwambia kila mara, "Bado, Waziri." Farasi wakafungwa katika ua wa nyumba yake.

Kesho yake asubuhi Mshangama akafika bustanini mapema, akamkuta Sultani Hamdani ametangulia, peke yake, amechuchumaa mbele ya suke moja.

"Umekomaa?" Sultani akanong'ona.

"Bado, maulana. Zimebaki siku ishirini."

"Nami nikae nikingoja tu?"

Mshangama akampa jembe, akamwonyesha mahali magugu yalipoanzia, kisha akaenda mstari wa pili na kuanza kulima.