Dawa ya Majani ya Sultani Hakami

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi kuliko wenye akili, Sultani Hakami alitawala mji wa Mwangajuu, na bonde la chini yake lilikuwa la Mfalme Sengwaji. Wawili hao walipigana miaka saba, wakitiliana sumu visimani na mishaleni hata wakachoka wenyewe kuzika. Basi wakaketi, wakaapa kwamba sumu haitatumika tena vitani, iwe kwa maji, kwa mshale au kwa chakula.

Haukupita muda wakagombana tena, safari hii juu ya punda mmoja, tena mzee, ambaye Hakami alimnyakua malishoni. Watu wa bondeni wakajificha vichakani na katika mashamba yao ya mtama, ikawa askari wa Hakami wanarudi kila jioni na miiba badala ya mateka. Ndipo Waziri Sudi, aliyejua kumkuna Sultani panapowasha, akaleta mitungi arobaini ya dawa aliyoipika mwenyewe. Ukiinyunyiza leo, kesho jani limejikunja, na siku ya tatu mti mzima ni kuni. Akashauri inyunyizwe bonde zima, adui akose pa kujificha na cha kula.

Sultani akauliza habari ya kiapo. Waziri akajibu kwamba kiapo ni cha sumu, na hii ni dawa ya magugu. Jani si mtu, wala hakuna aliyemwapia jani. Kadhi, aliyekuwa amevaa joho jipya alilopewa na Waziri, akaiona hoja hiyo ina nuru.

Lakini Mwangajuu walikuwa na desturi yao. Hukumu haikuwa hukumu mpaka Sultani, Waziri na Kadhi watafune tambuu pamoja barazani, kutoka sahani moja, watu wakitazama. Pasipo tambuu, yote yaliyosemwa ni upepo. Ikaagizwa tambuu itafunwe Alhamisi, alasiri.

Basi, aliyekuwa akifagia ua wa jumba la Sultani ni Ngwali, fukara wa shuka moja, ambaye watu walimhesabu kuwa punguani na yeye hakuwabishia. Binti yake Mwanamize alikuwa ameolewa bondeni, ana watoto watatu, wanakula mtama ule ule na kunywa maji ya kijito kipitacho chini ya vichaka vile vile. Ngwali akasikia habari ya mitungi. Akaanza kufagia huku akisema kwa sauti kwamba ikiwa ile si sumu, basi na nyoka ni mshipi wa kufungia suruali.

Alhamisi asubuhi akaletwa mbele ya Sultani.

"Ngwali," akasema Sultani, "umenivunjia heshima. Sasa mkono wako ndio utakaoanza. Chukua mtungi mmoja, na kabla ya alasiri uwe umenyunyiza majani, tone lisimguse mtu. Ukikataa, shingo yako halali yangu."

Ngwali akaona mambo yamemfika kooni. Akikataa atakufa yeye, akikubali watakufa wajukuu. Akainama sana, kisha akauliza, "Maulana, ni majani gani?"

"Majani yoyote," akasema Waziri kwa kuchoshwa. "Mradi yawe majani."

Ngwali akajitwika mtungi akaondoka, na hakuna aliyejishughulisha kumfuata.

Ilipofika alasiri baraza ikajaa. Waziri akasoma hukumu kwa madaha, ya kwamba dawa ya majani si sumu na kiapo hakikuguswa. Sahani ya tambuu ikaletwa, na popoo na chokaa. Sultani akachukua jani, akalikunja, akalipeleka kinywani. Hapo Ngwali akajitokeza na mtungi wake kichwani.

"Maulana, nimetimiza amri. Nimenyunyiza majani, na hakuna mtu aliyeguswa na tone."

"Vyema. Majani ya wapi?"

"Hayo ya sahanini, Maulana."

Mkono wa Sultani ukasimama hewani.

"Niliambiwa majani yoyote," Ngwali akaendelea kwa upole. "Dawa ni ya majani, nami sikuitia penginepo. Jani likiingia kinywani mwa mtu, hilo ni shauri lake jani na huyo mtu. Tafuneni, mabwana, hukumu ipate kutimia."

Sultani akamtazama Waziri, akamwamuru atangulie. Waziri akakumbuka kwamba amefunga. Kadhi akasema ana jino bovu, na kila mtu alijua Kadhi hakuwa na jino hata moja. Sultani alitahayari hata masikio yakamwaka moto. Kisha akaitazama ile sahani, akacheka mpaka kilemba kikamlalia usoni. Tambuu haikutafunwa, na hukumu ikawa upepo.

Akauliza mitungi ikamwagwe wapi, na mji mzima hakupatikana aliyekubali imwagwe karibu na kwake. Mwisho ikapangwa chumbani kwa Waziri, maana ndiye aliyesema haina madhara.

Ngwali alipoambiwa ataje zawadi, akaomba apewe yule punda mzee. Akampanda mpaka bondeni, akamrudisha kwa Mfalme Sengwaji, na vita vikakosa sababu. Kisha akaenda kwa Mwanamize, akala ugali wa mtama na kisamvu, akaomba aongezwe. Hekaya hii nami nimeiachia hapo jikoni. Waziri Sudi, nasikia, hadi kufa kwake alilala barazani.