Homa ya Jani la Mbuni

Zamani, kabla majani hayajajua kufunga midomo, kila jani lilikuwa na vinywa vidogo visivyoonekana, navyo vilikuwa wazi usiku na mchana. Majani yalitoa jasho, mizizi ikapandisha maji mengine. Hakuna jani lililojua kiu wala joto.

Kuvu aliishi kwenye gogo bovu. Siku moja jembe la Kemilembe, mjane aliyelisha watoto kwa kahawa yake, lilikwaruza mzizi wa mbuni. Kuvu akaingilia kwenye kidonda hicho. Ndani alikuta mishipa ya maji, akatandaza nyuzi zake mpaka akaiziba.

"Maji!" majani yakapiga kelele.

"Tumeshapandisha," mizizi ikajibu.

"Mmempandishia nani? Huku hatujaona hata tone!"

Walipokuwa wakibishana, jasho liliendelea kutoka. Mbuni ukanyauka. Kemilembe akaumwagia maji hadi udongo ukawa tope.

"We Kemilembe, maiti hanywi uji!" akacheka jirani yake, Nyamwiza.

Kuvu akahamia mbuni wa pili. Majani yake yalikuwa yamemwona mwenzao akikauka, yakaogopa. Yakafunga midomo kabisa. Maji kidogo yaliyobaki yakahifadhika, lakini kwa kukosa jasho, jua likayapasha joto majani.

Kemilembe alikuwa akipalilia hapo, mtoto mgongoni. Alipoinuka, jani likamgusa shavu. Akashtuka, akampapasa mtoto kwenye paji. Hakuwa na joto. Akaligusa tena jani.

"Kumbe mwenye homa ni wewe!"

Akagusa mibuni mingine. Majani yake yalikuwa ya baridi. Akautazama ule wa kwanza uliokauka kando yake, akachukua panga.

"Unakata mti wa kijani, umejaa buni hivi?" Nyamwiza akauliza. "Watoto watakula nini?"

"Nikiuacha ukaambukiza mingine, mwakani watakula nini?"

Akakata. Chini ya gome, mti ulikuwa na michirizi ya kahawia. Nyamwiza alitazama bila kucheka.

"Dada," akasema polepole, "njoo uniangalizie na yangu."

Mibuni yote miwili iling'olewa na mizizi yake, ikachomwa. Iliyobaki ikasalimika.

Na tangu siku hiyo, jani linaloona kiu hufunga midomo kwanza, kunyauka huja baadaye. Ndiyo maana wanawake wa kwetu huingia shambani jua likiwa kali, wakagusisha majani shavuni. Wakikuta la moto, humwita mwenye shamba aje na panga.