Nyumba Iliyojua Sauti

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba iliyomjua kwa sauti. Aliitwa Nakijwa. Mumewe, Mbonea, alikuwa ng'ambo, katika nchi ya baridi, akipanga mizigo kwenye ghala kubwa, na kwa kuwa hakuweza kuwapo mwenyewe, alituma vitu vya kukaa mahali pake. Alituma kufuli la mlango lililofunguka likisikia sauti ya mtu wa nyumbani. Alituma taa zilizowaka kwa kuambiwa, na kifaa cha kuendesha pampu ya maji, na kijisanduku cheusi cha kukaa mezani, ambacho ndicho kilichovisemea vyote. Fundi alivifunga, na Mbonea akaviongoza kwa simu yake hukohuko aliko. "Mama Namsifu," alimwambia mkewe, "nyumba itakutunza mpaka nije." Nakijwa aliamini. Aliona kwamba mume asiyempenda asingekumbuka habari za pampu.

Lakini vifaa vile havikutulia. Kila baada ya siku chache kijisanduku kilisema, "Tafadhali subiri. Nyumba inajisasisha," na kila kitu kikasimama. Maji yalikatika ndoo ikiwa nusu. Taa zilizimika ugali haujaiva. Na nyumba ilipoamka, ilikuwa imegeuka ngeni kidogo. Nakijwa alikuwa amezoea kusema "washa". Asubuhi moja neno hilo halikueleweka tena, ikabidi aseme "washa jikoni". Akajifunza. Likabadilika na hilo. Mlango ulianza kutaka aseme jina lake kwanza, kisha ukaacha, kisha ukataka tena. Alijiona kama mtu anayehamishwa nyumba kila mara, na huku hajatoka alipo.

Jirani yake, Mama Senkondo, alikuwa na jicho la huruma. Akiona dirisha la Nakijwa limeingia giza mapema, alijitwika ndoo ya maji, akashika na kibatari, akaja bila kuitwa. Mlango haukumjua, kwa hiyo alisimama nje na kupaza sauti: "Hodi humo! Nakijwa we, huu mlango wako msahaulifu kuliko mama mkwe wangu, na yule angalau akiona nyama ananikumbuka!" Nakijwa alicheka ingawa alikuwa karibu kulia. Alimfungulia kwa mkono, kwa kitasa cha chuma cha upande wa ndani, kitu pekee katika mlango ule ambacho hakikujua kusema.

Kila mara nyumba ilipokwisha kujisasisha na kugoma, Nakijwa alimtumia Mbonea ujumbe, na Mbonea alipiga simu. Alipiga akitoka kazini, amechoka, na bado hakukasirika hata mara moja. Aliuliza taa moja moja. Aliuliza pampu. Alisema, "Zima, hesabu taratibu, washa tena," kwa sauti ileile ya upole aliyomtuliza nayo siku mtoto wao Namsifu alipozaliwa. Nakijwa aliuona upole huo akaushukuru. Lakini kifaa cha mwisho kilipokubali, Mbonea alisema, "Imekaa sawa?" naye akajibu, "Imekaa sawa," na Mbonea akasema, "Haya, tutaongea." Sauti ikaondoka. Alikuwa hajamwambia kwamba Namsifu ameng'oka meno ya mbele na sasa anakataa kucheka mbele za watu. Alikuwa hajamwambia kwamba yeye hulala upande wa kitanda uliokuwa wa mumewe, ili asiuone ukiwa mtupu. Maneno hayo hayakuwa na kifaa chake, basi yalibaki mdomoni.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakulitazamia. Alianza kulisubiri lile tangazo alilolichukia. Kijisanduku kikisema, "Nyumba inajisasisha," aliacha alichokuwa akifanya, akajifuta mikono, akaiweka simu karibu, kama mtu aliyesikia mlio wa gari la mgeni wake.

Kisha watu waliotengeneza vifaa vile wakapata ustadi, au labda wakachoka. Nyumba ilijisasisha na kuamka salama. Taa ziliwaka, mlango ulifunguka, pampu ilivuta. Mama Senkondo alisema, "Afadhali, sasa unapumua." Na Mbonea, akiona kwenye simu yake kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, hakuwa na sababu ya kupiga. Siku zikapita, zikapita nyingine. Nakijwa aliishi katika nyumba isiyo na kasoro, na hakuwahi kuwa mpweke kiasi kile.

Jioni moja alishindwa kuvumilia. Akampigia mwenyewe. "Baba Namsifu," alisema, "taa ya jikoni imekataa." Mbonea akaanza kama kawaida yake: amezima? Ameacha kidogo? Amewasha tena? Nakijwa alijibu ndiyo kwa kila swali, amesimama katikati ya mwanga. Namsifu, aliyekuwa akila mezani, aliinua uso.

"Mama, si hiyo inawaka?"

Mbonea alisikia. Nakijwa aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kisha Mbonea akauliza polepole, "Mama Namsifu, kimeharibika nini?" Naye akajibu, "Hakuna kilichoharibika, mume wangu. Tumekukumbuka tu."

Mbonea alisema, "Haya," akaguna, akasema tena, "Haya." Lakini aliomba ruhusa kazini, akaanza safari bila kumwambia mtu. Akiwa njiani, simu ilimwuliza kama anakubali nyumba isasishwe. Akabonyeza kukubali bila kusoma, kama alivyobonyeza siku zote. Sasisho lile liliwataka watu wote wa nyumba ile waseme majina yao upya. Nakijwa akasema lake. Namsifu akasema lake, kwa kithembe cha kinywa kisicho na meno. Mama Senkondo alikuwa amekuja kuomba chumvi, wakamwambia na yeye aseme, akasema huku akijigamba kwamba leo ameolewa na nyumba. Mbonea alikuwa angani. Sauti yake haikusikika, basi nyumba ikaifuta.

Alifika mchana, amelowa jasho, mizigo miguuni. Aliujongelea mlango alioununulia kufuli mwenyewe, akataja jina lake.

"Sauti hii haijulikani," mlango ulisema.

Akalitaja tena, kwa nguvu. Ukamjibu vilevile. Aliitoa simu mfukoni. Angeweza kuurekebisha palepale, kama alivyourekebisha miaka yote akiwa mbali, na ungemfungukia. Aliitazama simu ile kwa muda. Kisha akairudisha mfukoni, akapiga hodi kwa kinywa chake.

"Nani?" mtoto aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mwanangu. Baba."

"Baba yuko kwenye simu," Namsifu alimjibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyekosea nyumba.

Nakijwa alikuwa uani akiosha vyombo. Alisikia. Alikuja na mikono inayochuruzika povu, akamgusa mtoto begani, akasimama nyuma ya mlango. Hakufungua mara moja. Alisubiri hodi ya pili, kwa sababu miaka yote ile alikuwa akisikia hodi moja usingizini, akaamka na kukuta ni kijisanduku. Ikaja. Ilikuwa imepasuka katikati, kama sauti ya mtu anayelia na hataki kusikika. Nakijwa akashika kile kitasa cha chuma kisichojua kusema, akakizungusha kwa mkono wake uliolowa, akasema, "Karibu."

Ninyi mnaosikia habari hii, mnavifanya upya vitu vya nyumba zenu hata mkiwa mbali, na ni vizuri. Lakini ukipiga hodi leo, aliye ndani ataijua sauti yako?