Keekee Tatu za Kitanda cha Bi Mwanatenga

Hapo zamani, vitanda vilipokuwa na heshima kuliko watu, palikuwa na mji uitwao Kitobwe. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize sasa hivi, maana mwishoni nina swali na sitaki jibu la mtu mwenye kwikwi.

Kitobwe walikuwa na mila mbili. Mila ya kwanza, mwanamke asiye na kitanda hana nyumba, nduguze humchukua. Mila ya pili, matundu ya kupitisha kamba za kitanda hutobolewa palepale kitanda kitakapokaa, tena kwa keekee ya mkono iliyokwisha kutumika. Keekee mpya, walisema, haijawahi kukosea, kwa hiyo haina huruma. Nani alianzisha upuuzi huo? Usiniulize mimi.

Basi Bi Mwanatenga, mjane, kitanda chake kililiwa na mchwa kikaanguka naye adhuhuri, amejilalia zake. Habari zikamfikia kaka yake, Bwana Fumo, mji wa pili. Akatuma neno: "Ijumaa nakuja kukuchukua."

Masikini, Bi Mwanatenga alilia! Kwa Fumo aliwahi kukaa. Kule kuna bata wengi, na wifi mkali, na ilifika mahali hata bata walikuwa wakimtuma. Akafuta machozi, akatoka barazani, akapaza sauti: "Mbao ninazo, kamba nimesokota mwenyewe. Atakayenitobolea kitanda kabla kaka hajafika, nitaolewa naye!"

Lahaula! Wakatoka wanaume watatu mbio, Shekue, Zumo na Mwinyihija, mpaka kwenye jamvi la Sefu, muuza vyuma vya mitumba. Pale palikuwa na keekee tatu, zote kutu, zote zinafanana.

Shekue alichagua kwa sikio. Alizungusha gurudumu la kila keekee akiwa amefumba macho. "Keekee njema haipigi kelele," akasema. "Hii imenyamaza. Naichukua."

Zumo alichagua kwa kidole. Alikitia kwenye taya za keekee, pale panapobana ncha ya kutobolea, akakaza. Zikambana! Akapiga yowe, akacheka, akapiga yowe tena. "Hii haiachi kitu! Naichukua!" Akaenda nayo nyumbani ikiwa bado kidoleni.

Mwinyihija alichagua kwa kiganja. Alishika mpini tu, akaupapasa. "Mpini uliolainika kwa jasho umefanya kazi ya kweli. Mengine yote ni porojo." Akaichukua bila hata kuiangalia.

Alhamisi wakakutana kwa Bi Mwanatenga. Keekee ya Shekue ilizunguka kimya kabisa, lakini mpini wake ulimeguka na taya zikatema ncha. Ya Zumo ilibana ncha barabara, lakini gurudumu lake lilikuwa kibogoyo, halina jino hata moja. Ya Mwinyihija ilikuwa na mpini wa kifalme, na kutu kwingine kote.

"Jamani," akasema Bi Mwanatenga, "si muunganishe?"

Wakaunganisha. Gurudumu la Shekue, taya za Zumo, mpini wa Mwinyihija. Keekee ikatoka nzima! Lakini nani akubali kuachia kipande chake, mwenzake aje aoe? Hakuna. Mwinyihija akashika mpini, Shekue akakumbatia mhimili wa gurudumu, Zumo akang'ang'ania taya. Na taya, wenzangu, ndizo zinazozunguka na ncha. Mpini ukizungushwa, Zumo naye anazunguka. Akafagia chumba kizima kwa kanzu yake, anabiringika, anatapika, anapaza sauti, "Siachii! Siachii!" Hivyo hivyo, tundu baada ya tundu, mpaka kitanda kikaisha.

Wale wakaanza kushikana mashati. Bi Mwanatenga akapitisha kamba, akawamba kitanda chake peke yake, vizuri, kimekaza.

Ijumaa Fumo akaja. Akapewa kahawa. Akakitazama kitanda, akakigonga. "Kitanda nakiona. Mwenyewe nani?"

"Mimi," akasema Shekue. "Bila gurudumu langu, hakuna kinachozunguka."

"Mimi," akasema Zumo, bado anayumba. "Bila taya zangu hakuna tundu. Tena nimezunguka mimi, nyie mmesimama!"

"Mimi," akasema Mwinyihija. "Mkono uliofanya kazi ni huu."

Mara hodi! Sefu, muuza vyuma. "Samahanini. Keekee ilikuwa moja, nzima, ya marehemu baba yangu. Niliifungua mwenyewe, kila kipande kizima nikakitia kwenye keekee mbovu, ili niuze tatu. Mlichounganisha ni changu. Basi mwenye kitanda ni mimi."

"Mwizi wewe!" wakasema wote watatu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Bi Mwanatenga akasimama, macho yamemwiva. "Mbao zangu. Kamba zangu. Kuwamba nimewamba mimi. Na kuunganisha, nani aliwaambia muunganishe?"

Fumo akatikisa kichwa. "Dada yangu, ahadi ni deni, na uliahidi mbele ya watu. Mila ni mila vilevile, kitanda kisicho na mwenyewe si kitanda. Nikimaliza kahawa hii sijatajiwa jina moja, funga mzigo. Bata wanakungoja."

Akanywa. Akanywa tena. Bi Mwanatenga ameshika tendegu la kitanda kwa mikono miwili, hapumui. Kikombeni limebaki funda moja, na Fumo ndiye huyo anakiinua.

Haya, semeni upesi! Nani alistahili kitanda kile?